Maswali ya Wasomaji: Nyimbo na Tenzi za Kusini Zinazosema na Wakubwa

Barua nyingi za safari hii zimetoka Lindi na Mtwara. Wengi mnauliza habari za maneno ambayo wazee walitunga kuwajibu waliowatawala, na yale ambayo vijana wanatunga sasa: yafundishwe vipi, yahifadhiwe vipi, na nakala zake zikae kwa nani. Hilo la mwisho ndilo linalotukera zaidi, na mtaona tunalirudia. Barua tumezifupisha.

Nafundisha Kiswahili kidato cha tano na cha sita. Nilitaka kuwasomesha wanafunzi Utenzi wa Vita vya Maji Maji kama fasihi ya upinzani, kwa kuwa mtunzi ni mtu wa hapa kwetu. Mwenzangu amenipinga. Anasema mtunzi anawabeza wapiganaji na dawa yao, kwa hiyo utenzi ni wa upande wa Wadachi, yaani Wajerumani. Nani yuko sahihi? (Mwalimu, Lindi mjini)

Mwalimu, mwenzako ameona jambo la kweli, ila amekata hukumu mapema. Abdul Karim bin Jamaliddini alikuwa mwanazuoni wa pwani. Vita vilianza Julai 1905 kule Nandete, Umatumbi, kwa kung'oa pamba ya kulazimishwa, na vikaenea kwa nguvu ya maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Mtu aliyelelewa kwa elimu ya dini hakutarajiwa kuisifu dawa ya mganga. Ukimsoma ukitafuta kauli za "juu Maji Maji, chini Wadachi", hutazipata, na utamwona msaliti bure.

Lakini jiulize habari za vita vile upande wa Lindi ziliandikwa na nani wengine. Ni ripoti za maofisa na barua za wamisheni. Huyu ni mtu wa Lindi, anayeandika kwa Kiswahili, kwa bahari (aina ya shairi) ya utenzi ambayo ni yetu, akiweka mambo kwa mpangilio anaoutaka mwenyewe. Hapo ndipo siasa yake ilipo. Kisha tazama safari ya utenzi wenyewe: ulichapishwa mara ya kwanza 1933, katika jarida la Berlin, na ukarudi Afrika Mashariki 1957, ulipochapishwa na W. H. Whiteley pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mtu wa Lindi aliyetaka kusoma habari za Lindi alisubiri nusu karne.

Darasani tumia vipindi vinne vya dakika 40. Kipindi cha kwanza ni cha kusoma kwa sauti tu, kwa mahadhi, bila maelezo. Cha pili, kila kundi lichukue beti 20 na daftari lenye safu tatu: majina ya watu, majina ya mahali, na vitenzi. Kwenye safu ya vitenzi waandike nani anatenda na nani anatendwa. Hiyo safu ya tatu ndiyo yenye mali, kwa sababu mtunzi asiyeweza kumlaumu mtawala kwa jina humlaumu kwa kitenzi. Cha tatu, wachore ramani na wayapime majina ya mahali na historia inayojulikana: boma la Liwale lilianguka 1905, na misheni ya Nyangao ikachomwa mwaka huo huo. Cha nne, wauweke utenzi kando ya maandishi mawili mengine.

La kwanza ni barua ya Machemba ya mwaka 1890. Machemba alikuwa kiongozi wa Wayao, ngome yake ikiwa Luagala kwenye Nyanda za Makonde, na barua alimwandikia Hermann von Wissmann, mkuu wa utawala wa Wajerumani, kwa Kiswahili. Wanafunzi wachunguze ilivyopangwa. Anaanza kwa kukiri kwamba amesikia maneno ya Mdachi. Anasema ametafuta sababu ya kumtii, hakuiona. Kama ni urafiki, yuko tayari leo na siku zote. Kuwa chini yake, hapana. Na kama ni vita, yuko tayari pia. Kisha anamkumbusha kwamba kila mmoja ni sultani kwao, na yeye hamwambii Mdachi amtii. Hakuna tusi hata moja. Ni hoja tupu, na ni nathari nzuri kuliko nyingi tunazowapa wanafunzi waige. Machemba alishikilia hivyo hadi 1899, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

La pili ni tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, iliyotoka 1969. Hapa wanafunzi hukosea kila mwaka: wanaitumia kama kitabu cha historia. Mwandishi mwenyewe ameonya kwamba mhusika wake ni kiumbe cha fasihi. Kinjikitile wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Atakayechanganya hao wawili kwenye mtihani atapoteza alama, na ni haki yake kuzipoteza.

Bibi yangu ana zaidi ya miaka themanini. Anajua nyimbo za kutwanga na za kuvuna za Kimakonde, nyingine za kusema kodi na wazungu, na chache za unyago. Nina simu tu. Nirekodi vipi, na nitajuaje wimbo ni wa zamani kiasi gani? (Mjukuu, Newala)

Mjukuu, simu inatosha. Usisubiri mashine.

Anza na ruhusa. Muulize bibi, kwa kila wimbo, nani anaruhusiwa kuusikia. Gawa mafungu matatu: wa watu wote, wa familia tu, na wa waliopita unyagoni. Fungu la tatu usilirekodi wewe kama ni mwanamume, hata kama bibi amelegea siku hiyo. Aje mwanamke aliyechezwa, na idhini itoke kwa kungwi. Nyimbo hizo zimedumu kwa sababu zina mipaka, na mtu akishazirusha mtandaoni, kungwi mwingine hatamfungulia mdomo mtafiti yeyote.

Kisha simu yenyewe. Pakua programu ya kurekodi inayohifadhi kwa mfumo wa WAV, chaneli moja, 44.1 kHz, biti 16. Itakula megabaiti 5 hivi kwa dakika, yaani saa moja ni kama megabaiti 320, kwa hiyo angalia nafasi kabla ya kuanza. Usirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp: sauti hubanwa, kishindo cha mchi na ngoma kinafifia, na herufi za mwisho wa neno humezwa. Weka simu kwenye hali ya ndege, iwekee kitambaa kilichokunjwa chini yake, shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isigonge kipaza sauti. Msikae chini ya bati wakati wa mvua. Zimeni redio, hata ya jirani mkiweza.

Kabla bibi hajaanza, sema wewe kwa sauti: tarehe, kijiji, jina la mwimbaji, lugha, na wimbo huimbwa wakati gani. Karatasi hupotea, lakini maneno yaliyo ndani ya rekodi yenyewe hayaachani nayo.

Rekodi kila wimbo mara tatu. Mara ya kwanza uimbwe mzima, pamoja na kazi yake. Kama ni wa kutwanga, kinu kiwepo na mtama uwemo. Mwimbaji akikaa kwenye kiti mikono mitupu, mahadhi hupotea na maneno hufuata. Waitikiaji wawepo, wasipungue watatu. Hili watu hulipuuza, na ndilo linaloharibu rekodi nyingi: kwenye nyimbo za kulaumu, kiongozi hutaja jambo kwa fumbo, na kiitikio ndicho humaliza hukumu. Ukimrekodi kiongozi peke yake, umepata swali bila jibu. Mara ya pili bibi aseme maneno taratibu bila kuimba. Mara ya tatu aeleze: nani anasemwa, kwa nini, na siku ile wimbo ulipoimbwa mkubwa alikuwepo au hakuwepo.

Usimkate katikati. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado vya moto, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi, Newala na Mahuta akiwa na fonografu ya mitungi ya nta. Mtungi mmoja ulibeba dakika mbili au tatu tu. Nyimbo za kukesha zikakatwa kwa kipimo cha mtungi, na nakala zikaenda Ujerumani, ziko kwenye hifadhi ya sauti ya Berlin mpaka leo. Simu yako haina mpaka huo, na nakala haina haja ya kusafiri.

Kuandika maneno ni kazi ndefu kuliko kurekodi. Dakika moja ya wimbo hula karibu saa nzima. Andika mstari wa kwanza kama ulivyoimbwa, kwa Kimakonde cha bibi, si cha kitabu na si kilichonyooshwa kifanane na Kiswahili. Mstari wa pili, neno kwa neno. Wa tatu, Kiswahili cha kusomeka. Wa nne, maelezo ya bibi. Neno usilolijua liache na alama ya kuuliza, umrudie. Kubahatisha ni sumu, maana anayekuja nyuma yako atalinukuu kama ukweli.

Sasa umri wa wimbo. Tafuta maneno yenye tarehe ndani yake. Ukisikia rupia, wimbo au ubeti huo kwa kawaida umeanza kabla ya 1921, shilingi ya Afrika Mashariki ilipoingia. Kodi ya kibanda iliwekwa na Wajerumani, ikaanza kutozwa 1898. Pamba inayolimwa kwenye shamba la jumbe (mkuu wa kijiji) ni ya kati ya 1902 na 1905. Karanga, matrekta na Nachingwea vikija pamoja, ni mradi wa Waingereza ulioanza 1947 na kuvunjika 1951. Wareno na kuvuka Ruvuma mara nyingi ni miaka ya mapigano ya Msumbiji, 1964 hadi 1974, au mauaji ya Mueda ya Juni 16, 1960. Kuhamishwa na kupangwa kwenye kijiji kipya ni miaka ya sabini. Tahadhari: wimbo huvikwa nguo mpya. Kiitikio kinaweza kuwa cha enzi ya rupia, na ubeti wa juu yake ukawa wa kijiji cha ujamaa. Andika umri wa kila ubeti peke yake, na usiubwage ubeti mpya kwa kuwa "si wa asili". Watu waliokwisha kumsema akida (ofisa wa utawala wa Wajerumani) kwa kiitikio fulani wakakitumia tena kumsema mkubwa mwingine, hapo ndipo utaona fasihi ya kupinga ilivyofanya kazi.

Nakala ziwe tatu: moja kwenye simu au kompyuta, moja kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine, na moja kwenye memori kadi anayoshika bibi au atakayemteua yeye. Fungua mafaili yote kila baada ya miezi sita. Memori kadi iliyowekwa kwenye kabati la joto la Newala hufa kimya kimya.

Hapa Kilwa Kivinje tuna Mwembe Kinyonga, mwembe waliponyongewa watu, na kila mtu anamtaja Makunganya. Kuna mashairi yaliyoandikwa wakati ule? (Msomaji, Kilwa Kivinje)

Yapo. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani Kilwa, alinyongwa 1895, na mashairi ya Kiswahili kumhusu yaliingia katika mkusanyo wa Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani na baadaye mwalimu wa Kiswahili Berlin. Uliza maktaba ya chuo kikuu kitabu kiitwacho Kala Shairi, cha 2002, chenye mashairi ya enzi hiyo. Yasome ukijua yalikuwa yakitungwa chini ya macho ya nani. Sifa ya mtawala katika shairi la mwaka kama ule haionyeshi moyo wa mtunzi. Angalia zaidi yale anayosimulia kwa urefu kuliko ilivyohitajika. Majalada ya Kijerumani yenyewe yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Nimetunga shairi la korosho. Mstari mmoja unasema: "Viongozi wote wa chama ni wezi, wanatudhulumu sisi wakulima." Redio wamekataa kulisoma, wanasema ni siasa. Nifanye nini? (Kijana mtunzi, Tandahimba)

Kaka, siasa si kosa la shairi. Kosa la mstari wako ni mawili: hauna mizani, na hauna ushahidi. "Wote" huwezi kuisimamia. Ukiituma mtandaoni ikiwa na jina la chama chenu cha ushirika, unajiweka kwenye hatari ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayoadhibu kuchapisha taarifa ya uongo, pengine na kesi ya kashfa juu yake. Na hata bila sheria, mtu aliyeitwa mwizi kwa jumla hajisikii ameguswa. Onyesha tendo. Mkulima aliyesimama ghalani atalitambua, na aliyelitenda atalitambua zaidi.

Tumia utenzi: vipande vinne, kila kimoja mizani 8, vitatu vya kwanza vina kina (silabi ya mwisho) kimoja, cha nne kina kina cha bahari kinachorudi ubeti hadi ubeti. Mizani ni silabi. Irabu inayosimama peke yake inahesabiwa: gunia ni gu-ni-a, tatu. M inayosimama bila irabu nayo inahesabiwa: mkulima ni m-ku-li-ma, nne, na tamka ni ta-m-ka, tatu. Lakini mb, nd, ng zikifuatwa na irabu ndani ya neno hazihesabiwi peke yake: Lindi ni li-ndi, mbili. Watunzi wengi wachanga huanguka hapo. Wanahesabu kwa sikio la kuongea haraka, na m inawaponyoka.

Tazama jambo lako likipita kwenye kipimo hicho:

Korosho tumezipima
mizani ikasimama
karani akainama
asiandike hesabu.

Gunia likapunguka
"unyaufu," katamka
na mie nikazunguka
pasiwe wa kunijibu.

Hakuna aliyetajwa. Karani ameinama, basi, na hesabu haikuandikwa. Neno unyaufu, yaani kupungua uzito kwa kukauka, limewekwa mdomoni mwa asiyetajwa, na kila aliyekatwa kilo kwa jina hilo anajua wimbo umefika mlangoni kwake. Kina cha bahari ni -bu. Ukiendelea, weka akiba ya maneno kabla ya kuandika: sababu, adhabu, taabu, aibu, majibu, ghadhabu. Ukikosa angalau maneno 15, badilisha kina hicho sasa, maana ukifika ubeti wa kumi utaanza kulazimisha, na msikilizaji husikia mara moja pale ambapo kina kinamvuta mtunzi badala ya yeye kukivuta.

Usiyafiche maneno ya kazi ili shairi lionekane la kishairi. Kangomba (ununuzi wa korosho kwa njia zisizo rasmi), mnada, stakabadhi ghalani (mazao kuwekwa ghalani kwa risiti yakisubiri kuuzwa), daraja la pili: hayo ndiyo maneno ambayo watu wenu wanaumia nayo. Stakabadhi ghalani iliingia kwenye korosho Mtwara 2007, na mtu wa 2060 atalijua shairi lako ni la lini kwa neno hilo. Ukishapata beti 20, zighani mbele ya wakulima kabla ya kuwapelekea redio. Watakaponong'ona, andika walichonong'ona. Kama wote wamecheka mahali ulipokusudia walie, ubeti huo haujakaa sawa. Na kwa kuwa unaishi jirani na Luagala, isome ile barua ya Machemba tuliyoitaja juu. Jifunze mpangilio wake: kusikia, kuuliza sababu, kutoa urafiki, ndipo kukataa.

Kikundi chetu cha ngoma kilirekodiwa na studio moja mjini. Sasa tunasikia wimbo wetu kwenye tangazo la biashara, hatujalipwa. Wanasema ni ngoma ya asili, haina mwenyewe. (Katibu wa kikundi, Mikindani)

Wamewadanganya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda pia sanaa za jadi. Kuitumia ngoma ya jadi kwa faida, nje ya mazingira yake ya asili, kunataka ruhusa ya Baraza la Sanaa la Taifa, na jamii ilikotoka itajwe. Kufundishia shuleni hakuna shida. Aidha nyinyi kama wasanii mna haki juu ya uimbaji wenu uliorekodiwa, hata kama maneno ni ya mababu. Na beti mlizotunga wenyewe ni zenu kamili, maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake.

Kusanyeni kwanza ushahidi: rekodi ya tangazo ikiwa na tarehe na saa lilipotoka, majina ya walioimba, orodha ya beti za jadi na beti mpya kando kando, na ujumbe wowote mlioandikiana na studio. Mwandikieni mwenye studio barua ya madai mkimpa siku 14, nakala mbaki nayo iliyosainiwa kupokelewa. Asipojibu, nendeni Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, na mliarifu Baraza la Sanaa. Madai mengi huanguka kwa sababu ya kikundi chenyewe: kila mmoja anadai wimbo ni wa babu yake. Malizeni hilo ndani, kwa muhtasari wa kikao uliosainiwa, kabla hamjatoka nje.

Mara nyingine msiimbe kabla ya karatasi. Nusu ukurasa inatosha, kwa Kiswahili: nyimbo zipi kwa majina, zitumike wapi, kwa muda gani, malipo kiasi gani na siku gani, kijiji kitajwe, na kikundi kipewe nakala kamili ya WAV ndani ya siku saba. Mashahidi wawili, mmoja mwenyekiti wa mtaa.

Tunataka kutoa kijitabu cha nyimbo za Kimakua na Kiswahili chake. Pesa ni kidogo. Kiwe na kurasa ngapi? (Walimu wawili, Masasi)

Kurasa 32 za A5. Karatasi ya A4 ikikunjwa hutoa kurasa nne, kwa hiyo mnahitaji karatasi nane tu kwa kila kitabu, pini mbili mgongoni. Msizidishe karatasi kumi na mbili kwa pini: za ndani husukumwa nje, na mkizikata ziwe sawa mnakata na maneno. Kimakua kiwe ukurasa wa kushoto, Kiswahili wa kulia, mistari ikitazamana. Msikiweke Kimakua kwa herufi ndogo chini kama nyongeza, maana ndicho wimbo. Namba ya ISBN huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Kwenye ukurasa wa pili andikeni kijiji, mwaka, na waimbaji waliokubali kutajwa. Nakala za kwanza kutoka mtamboni ziende kwa waimbaji hao, mbili kwenye maktaba ya mkoa Mtwara, moja ofisi ya kijiji kila palipoimbwa, ndipo muanze kuuza.